Krismasi Hii Siendi Kibosho

Kitendawili. Tega. Anakufuata njia nzima. Wewe unamwona uso, yeye anakuona kisogo. Jibu lake ni aliye nyuma yako ukimtazama kwa kioo cha gari, na Theopista alilijua jibu hilo kuliko mtu yeyote mtaani Gerezani, Dar, maana ndivyo alivyompenda Mrisho. Alimpenda kwa kioo.

Wengine hupendana kwa simu, wengine kwa kukaa jirani, wengine hata hawajui ilianzia wapi. Hawa wawili walipendana Theopista akiwa mbele kwenye Mark Two ya rangi ya maziwa na Mrisho nyuma yake kwenye Chaser nyeusi, Jumapili kwa Jumapili, kwenye kiwanja kitupu kando ya reli, wakijifunza kukimbizana bila kugusana. Sinema ndivyo inavyotaka. Anayefukuza aonekane ana kiu ya damu, na huku moyoni mwake anamchunga anayemfukuza kama yai la kuku mgeni. Mwanamume anayekusogelea mpaka unasikia joto la injini yake mgongoni, na siku zote hakugusi, utamtoaje moyoni? Theopista alijaribu. Alishindwa.

Sasa ilikuwa asubuhi ya Krismasi, na kufukuzana kwenyewe kulikuwa leo.

Siku za kazi mtaa ule wa Gerezani, wa maduka ya spea za magari, hata paka hupita ubavu ubavu. Lakini Desemba ikikolea, Wachaga hufunga maduka wakapanda kwao Kilimanjaro, familia kwa familia, na mtaa unabaki na makufuli na upepo. Allan, kijana aliyekuwa akitengeneza ile sinema, aliomba kibali cha barabara kwa siku hiyo moja tu, mwisho adhuhuri. Alikuwa na msemo wake kwamba Wachaga wasipokwenda kwao, Bongo hakuna picha ya magari. Watu walicheka, na lilikuwa kweli tupu.

Mwiba ulikuwa hapo. Theopista mwenyewe ni Mchaga wa Kibosho, binti wa Mzee Anselmi Mallya muuza breki, mwenye duka mtaa ule ule. Tangu akibebwa mgongoni hajawahi kula Krismasi Dar. Baba yake husema Mchaga ambaye Krismasi haonekani nyumbani ama yuko jela, ama yuko kaburini. Na mwaka huu kulikuwa na zaidi ya nyama. Siku ya pili ya Krismasi ukoo wa Tarsis ungekuja na mbege, pombe ya ndizi, kumtazama bibi harusi wao. Tarsis ana duka la dawa Arusha, ana adabu, hanywi kupita kiasi. Theopista alikaa naye mara moja wakanywa soda, akajikuta anasoma maandishi ya chupa.

Mama yake, Mama Klara, alikuwa ameshatangulia Kibosho. Jana Theopista alimpigia simu akamwambia hatakwenda. Mama akasema neno moja, kwamba hayo amwambie baba yake mwenyewe kwa kinywa chake. Mzee Anselmi alikuwa amebaki mjini makusudi, asisafiri bila binti. Alfajiri ile, mzee alipokwenda misa ya kwanza, Theopista alitoka nyumbani akaja kuvaa gauni la njano.

Gauni lilikuwa la Salma, mwigizaji mkuu. Walishonewa mawili sawasawa. Kwenye sinema uso ungekuwa wa Salma na mikono ingekuwa ya Theopista. Salma alikuwa amekaa chini ya mwavuli anakula karanga, na Theopista amevalishwa nywele za bandia mpaka kichwa kinawasha. Mwanzoni walimvalisha nywele zile dereva wa kiume, kila aliyeona akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo Mrisho aliposema anamjua binti mmoja wa dukani anayeleta lori la baba yake, Kanta, kinyumenyume mpaka mlangoni bila kugusa meza ya mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa na siri nyingi kuliko mwendo. Gari likienda hamsini, na kamera ikilazwa chini karibu na lami, mtazamaji ataapa ni mia na ishirini. Kamera moja ilifungwa kwenye boneti ya Chaser kwa mabomba yaliyochomelewa hapo hapo Gerezani. Nyingine ilikaa juu ya mkokoteni, maana ukitaka kitu kiende bila kutikisika mpe kuli wa Kariakoo akisukume. Kwenye kona walimwaga maji yenye sabuni ya unga, na matairi ya nyuma yalijazwa upepo mpaka yakawa magumu kama nazi, ili gari liserereke vizuri. Na mwisho wa mtaa makuli walijenga mlima wa maboksi matupu, waliyoyazoa nyuma ya maduka kwa ruhusa ya mlinzi. Mark Two ingeupasua mlima ule katikati, maboksi yaruke, Chaser ipite chini yake. Hiyo ndiyo picha aliyoiota Allan tangu mtoto.

Kabla ya kazi walikula. Chapati na supu zilikuwa za Bi Zamda, shangazi yake Mrisho, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Zamda alimpa kila mtu bakuli, na Theopista akampa pamoja na maneno.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, Shangazi."

"Mgeni wangu kaja na mlango wake."

"Konokono."

"Na binti wa mwenye duka. Akichoka, anafunga."

Theopista akacheka, kwa sababu kilikuwa kitendawili kizuri, na akaumia, kwa sababu kilikuwa chake. Bi Zamda hakuwa na chuki naye. Tatizo lake, kama alivyomweleza kila mtu mtaani, ni kwamba mwanamke anayeendesha gari kumshinda mumewe atampeleka mume anakotaka yeye. Alishaombwa na Mrisho kwenda kuposa, akakataa akiwa anakuna nazi, wala hakuinua macho.

Mrisho alikuja na bakuli lake akakaa kwenye ngazi ya duka, si karibu sana. Mbele za watu alikuwa hivyo, mwenye haya mpaka unamtamani.

"Baba atakuja," Theopista akamwambia. "Mtaa huu ni wake, ameshaambiwa niko wapi."

"Najua."

"Akija utasema naye?"

Mrisho alitazama supu. "Sitasema."

"Kwa nini?"

"Pista, kwetu mwenye kuoa hasemi. Husemewa. Nikisimama mbele ya baba yako nikajiposea kama naomba maji, nimemwambia sina watu, na yeye si mtu wa kutumiwa watu. Nimemtukana mara mbili."

"Na kwetu asiyesema hataki."

Wakatazamana, safari hii bila kioo, na ikawa vigumu kuliko walivyozoea. Mambo ya msikiti na kanisa walikuwa wameshayamaliza zamani, wao wenyewe, kwamba wataoana bomani na kila mmoja abaki na sala yake. Hilo ambalo wengine hushindwa wao walilivuka kwa jioni moja. Hili la nani afungue kinywa ndilo lililokuwa limewakalia kooni.

"Basi tumekwama," Theopista akasema, "kama mkokoteni kwenye reli."

"Tumekwama," Mrisho akakubali. "Lakini mimi siondoki kwenye hiyo reli."

Walikuwa ndio kwanza wanawasha magari pale Noah ya Mzee Anselmi, gari lake la safari, ilipoingia mtaani. Ilikuwa imeshiba: mchele, sukari, madumu ya mafuta, vitenge vya mashangazi, na juu ya keria godoro jipya la bibi limefungwa kamba. Ilikuja taratibu mpaka katikati, ikageuka, ikalala kukingama barabara nzima kama mtu aliyelala mlangoni. Mzee akashuka na suti yake ya kijivu ya kanisani, tai na kofia. Akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa ndani wa koti.

Theopista alishuka na gauni lake la njano.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akajibu, kwa kuwa marahaba hainyimwi mtu. "Vua hizo nywele uingie kwenye gari. Segera tunataka kupita jua halijashuka."

"Siendi, Baba."

Mzee Anselmi si mpiga kelele. Akikasirika sauti yake hushuka, kama redio inayoishiwa betri, na watu wanaomjua huanza kutafuta pa kwenda. Alimweleza binti yake taratibu kwamba mbuzi kafungwa tangu juzi, kwamba mbege ya kina Tarsis imeshachacha inasubiri vinywa, kwamba mama yake hajalala. Theopista akasikiliza mpaka mwisho. Watu wa sinema wakajifanya wanafuta vioo.

"Niwaambie nini?" mzee akauliza.

"Waambie niko kazini."

"Kazi ni kukimbizwa barabarani na mwanamume, umevaa nywele za mtu mwingine?"

"Ndiyo, Baba. Ni hiyo. Na sinema ijayo nimeshaombwa, na ile ya pili yake. Wananiita dereva. Hawaniiti binti wa dukani."

Mzee akageuza shingo. Hakuhitaji kuonyeshwa, wanaume wengine wote walikuwa wanatazama pembeni, mmoja tu alikuwa amesimama wima kando ya Chaser.

"Ndiye huyu?"

Mrisho alikuja mwenyewe, akatoa shikamoo, mikono mbele, macho chini, kama alivyofunzwa. Mzee alimtazama tangu viatu.

"Una lolote la kuniambia, kijana?"

Mrisho alizidi kuinamisha kichwa. Theopista aliuona mshipa wa shingo ya Mrisho ukipiga. Alitamani ausemee ule mshipa.

"Naona," Mzee Anselmi akasema. "Gari unalo, breki unazo, ulimi huna. Binti yangu anaacha ukoo mzima kwa mtu bubu."

Hapo kifuniko cha sufuria kililia. Bi Zamda alikuwa amekiweka chini kwa nguvu. Alifuta mikono kwa kanga, akajifunga nyingine juu yake, akaja mpaka katikati ya barabara na mwili wake wote mkubwa.

"Ndugu yangu, shikamoo sikupi, tu rika moja," alisema. "Huyo unayemwita bubu nimemlea mimi kwa mikono hii. Kwetu sisi kijana anayejiposea mwenyewe ni mkiwa, hana nyuma wala mbele. Huyu ana mtu, na mtu wake ni mimi. Sikutaka. Binti yako anajua sikutaka, leo hii asubuhi nimemtegea kitendawili cha kumfukuza, akakitegua akaendelea kunywa supu. Lakini mwanangu hatatukanwa mbele ya sufuria zangu. Basi sikia. Tumekuja kuposa."

"Mmekuja?" Mzee Anselmi akasema. "Mimi ndiye niliyekuja."

"Basi umeturahisishia."

Mtu mmoja nyuma ya kamera akacheka, akajikohoza. Hata mzee mdomo ulimcheza kidogo, akauzuia.

"Binti yangu hasilimu."

"Hajaombwa."

"Na huyo wenu habatizwi."

"Hajaombwa."

"Ndoa ya namna hiyo hufungwa wapi? Stendi?"

"Bomani, Baba," Theopista akajibu mwenyewe.

Mzee akavuta pumzi ndefu. "Sijapokea," akamwambia Bi Zamda.

"Nasi hatujaondoka," Bi Zamda akamwambia yeye.

Mrisho alikuwa bado kainamisha macho. Furaha ilimpanda Theopista, na nyuma yake hasira tamu, ile inayomfanya mtu asimame wima zaidi. Akamsogelea baba yake.

"Baba, ni wewe uliyenifundisha gari, njia ya Segera, nyuma ya malori. Uliniambia ukishaamua kulipita lori, lipite. Anayesitasita katikati ndiye anayezikwa. Mimi nimeshaamua. Ukitaka acha Noah hapo hapo, mimi nitakaa juu ya ngazi ile mpaka Mwaka Mpya. Picha itakufa, kazi itakufa, na Kibosho sitakwenda."

Walitazamana kwa macho yale yale, maana macho alimrithi yeye. Aliyegeuka wa kwanza ni mzee. Alitoa ufunguo, akaiondoa Noah, akaipanga ukingoni mwisho wa mtaa, karibu na mlima wa maboksi.

"Cheza mchezo wako," alisema. "Ukiisha tutaondoka."

"Hatutaondoka, Baba."

"Cheza kwanza."

Allan hakungoja aulizwe mara mbili. Jua lilikuwa linapanda na kibali kinashuka. Theopista akaingia kwenye Mark Two. Kwenye kioo, Mrisho aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu yao ya kila siku. Leo akaongeza jambo. Alimtazama bila kuinamisha macho, na akatabasamu kama mtu aliyekwisha kusemewa.

Wakaachia magari.

Mtaa ule mtupu ulirudisha mngurumo kutoka kila ukuta. Theopista alipita maduka yaliyofungwa, akasikia Chaser inamjia mgongoni, karibu, karibu zaidi, namna wanavyojua wao. Kwenye kona aligusa breki ya mkono, sabuni ikafanya kazi yake, nyuma ya gari ikazunguka kwa madaha kama nyonga za mcheza ngoma. Akanyoosha. Mbele yake ulikuwa mlima wa maboksi, na mguu wake ulikuwa unakanyaga mafuta kuupasua.

Na mbele ya mlima, katikati ya barabara, alisimama baba yake. Suti ya kijivu, mikono ameitandaza kama anayezuia ng'ombe.

Mtu huwaza mengi kwa kitambo kidogo kama kile. Theopista aliwaza: amekataa mpaka mwisho. Aliwaza: nikisimama sasa, sitatembea tena maisha yangu. Na macho yake, yenyewe, bila kuambiwa, yakaona upenyo kati ya maboksi na baraza la duka, upana wa gari na unywele. Hakushika breki ya mguu. Alivuta ile ya mkono, akakata usukani, Mark Two ikaserereka ubavu, ikanyooka, ikapita. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye nguzo ya baraza. Kofia ya mzee iliruka kwa upepo. Nyuma yake, katika upenyo ule ule, bila kusita, Chaser ilipita kama uzi unaofuata sindano.

Alisimamisha gari mbali, akashuka, akarudi mbio na viatu mkononi. Alikuwa analia na hakuwa na huzuni hata chembe.

"Baba, ungekubali kufa? Ungekubali nikuue mimi, ili nisiishi ninavyotaka?"

Mzee Anselmi alikuwa ameshamgeuzia mgongo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya maboksi, anavuta moja la chini, boksi la pampasi lenye picha ya mtoto anayecheka, limefungwa solotepu mikanda mitatu. Lilikataa kuvutika. Akalichana kwa ufunguo wa gari. Ndani zilikuwa dramu za breki za lori la Fuso, chuma kitupu, moja juu ya nyingine.

Watu wa mtaa ule wanalijua hilo, kwa kuwa wote hufanya hivyo. Mtu akifunga duka kwenda nyumbani Krismasi, mali ya thamani huificha kwenye maboksi ya pampasi au biskuti, akayachanganya na matupu ya uani. Mwizi hahangaiki na takataka. Miaka yote Theopista ndiye aliyefunga duka na baba yake, akajua kila lilipo. Mwaka huu alikuwa kiwanjani anajifunza kukimbizwa. Mzee alifunga peke yake, wala hakumwambia, kwa kuwa walikuwa hawasemeshani. Na leo, amekaa kwenye Noah na hasira zake, ndipo jicho lake lilipoiangukia ile mikanda mitatu, alama yake ya kila mwaka.

Allan, rangi imemtoka, alimwuliza Heriel, mkubwa wa makuli, kama hawakuyahisi mazito. Heriel akashangaa swali. Waliyahisi, kwa nini wasiyahisi? Ndiyo maana waliyaweka chini. Mzigo mzito hukaa chini na mwepesi juu, kuli asiyejua hilo arudi kwao akalime. Kuhusu kilichomo ndani, kuli wa Kariakoo haulizi. Huo ndio uaminifu wake.

Theopista alikaa chini barabarani kando ya baba yake. Njano ya gauni ililoa maji ya sabuni.

"Ningekuua," mzee akasema. "Kwa boksi la pampasi."

"Hukuniua."

"Nilipiga kelele. Magari yalikuwa yanalia. Sikuwa na njia nyingine."

Theopista akamshika mkono. Walikaa hivyo, na hakuna aliyewasogelea ila Mrisho, ambaye alikuja akasimama pembeni. Mzee alimwinulia macho.

"Wewe ulikuwa nyuma yake."

"Ndiyo, Baba."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukushika breki?"

"Pale pana maji, Baba. Ningeshika, gari lingekuja kwako. Nilimfuata yeye. Nilijua hatapita pasipopitika."

Mzee Anselmi ameuza breki umri wake wote. Alilitafuna jibu lile, wala hakulitema. Lakini aliposimama na kujifuta magoti, alirudi palepale, kwa sauti ya upole sasa, na upole ule ulikuwa mgumu kuupinga kuliko hasira.

"Umeona, mama? Mungu amesema. Panda tuondoke."

Theopista alitaka kwenda. Hilo lazima lisemwe. Kwa ile mikono iliyotandazwa angeweza kumpa baba yake chochote, hata maisha yake yote, hata Tarsis na duka lake la dawa. Ilikuwa rahisi, neno moja tu, ndiyo. Akamtazama Mrisho, na Mrisho hakumsihi kwa jicho wala kwa mdomo. Alingoja, kama anavyongoja siku zote ajue mbele kunakatwa kushoto au kulia.

"Baba," akasema, "umesimama mbele ya gari kwa ajili yangu. Nitawasimulia watoto wangu, na wao watawasimulia wao. Lakini siendi."

"Hata baada ya hili?"

"Hata baada ya hili. Ulisimama ili nisife. Hukusimama ili nikaolewe na Tarsis."

Mzee akajipapasa kichwa, kofia haikuwepo. Bi Zamda alimletea kofia yake, akiipiga vumbi kwa kiganja, akampa pamoja na chapati iliyofungwa kwenye gazeti, ya njiani. Alipokea vyote viwili. Akamwambia Bi Zamda kwamba kupokea chapati si kupokea posa. Bi Zamda akasema anajua, chapati ni chapati, lakini yeye kwao Gerezani hahami.

Mali ilikwisha kurudishwa dukani, na mzee alikuwa ameshakaa kwenye usukani wa Noah wakati Allan alipokuja dirishani, anajikuna shingo. Alisema kamera hazikuzimwa. Kile kipande, mzee na mikono yake, gari likipita ubavuni na jingine likilifuata, yeye hajawahi kuona kitu kama kile, na hata wakijaribu mwaka mzima hawatakipata tena. Ila bila ruhusa yake watakifuta.

"Naonekana?"

"Mzima mzima, mzee. Mpaka tai."

Mzee Anselmi alitazama mbele, kwenye barabara ndefu ya kwenda kwao, akiwa na godoro juu ya kichwa na kiti kitupu pembeni.

"Msifute," alisema mwisho. "Nirushie kwenye simu. Kesho ukoo mzima utaniuliza kwa nini sikumzuia. Nitawaonyesha nilivyosimama."

Theopista aliinama dirishani, akamweka sawa tai yake.

"Na uwaache waangalie mpaka mwisho, Baba," akasema. "Waone nilivyopita."